Chipsi, mama lishe au chungu cha nyumbani: ulinganisho kwa familia ya Dar es Salaam

Wapo wengi jijini Dar es Salaam wanaoamini kwamba kula vizuri ni jambo la wenye nacho. Imani hiyo hutokana na kuupima mlo bora kwa rafu za supamaketi, kwenye mtindi wa matunda, lozi na mafuta ya zeituni, badala ya kuupima kwa mafungu ya mchicha na kilo za maharage za Ilala, Buguruni au Tandika. Mtu akilinganisha kwa bei za soko la kawaida, huona kwamba bei ya chakula chenyewe si kikwazo kikubwa kama alivyodhani, na kwamba kinachomshinda hasa ni muda, nishati ya kupikia na mazoea ya kununua kidogo kidogo kwa fedha ya siku.

Ulinganisho huu unaihusu familia ya kipato cha kawaida, ambayo mtu mmoja au wawili hutoka alfajiri kuwahi daladala au mwendokasi na watoto huenda shule. Familia hiyo huchagua kila siku kati ya njia tatu za kujilisha: vyakula vya kukaangwa vya barabarani, sahani ya mama lishe, na chakula kilichopikwa nyumbani. Nimeziangalia njia hizo kwa mambo matatu, yaani hali ya moyo, afya ya mwili na mfuko, na nitasema wazi ninayoipendelea na kwa nani, kwa kuwa jibu moja haliwezi kumfaa kila mtu.

Chakula na hali ya moyo

Hapa inafaa kwenda polepole, kwa sababu ndipo penye ahadi nyingi zisizo na msingi. Husemwa sana kwamba vyakula fulani, kama ndizi au chokoleti, huleta furaha kwa kuwa vinaongeza serotonini, kemikali ya mwili inayohusishwa na hali ya moyo. Ukweli ni kwamba karibu asilimia 90 ya serotonini ya mwili hutengenezwa kwenye utumbo, na hiyo ya utumboni haivuki kuingia katika ubongo. Kwa hiyo simshauri mtu anunue chakula chochote kwa ahadi kwamba kitamfurahisha jioni ya siku hiyo. Chakula kinaathiri hali ya moyo kwa njia ya taratibu zaidi, kupitia mpangilio mzima wa ulaji wa wiki na miezi.

Ushahidi ninaouheshimu zaidi ni jaribio lililoongozwa na Profesa Felice Jacka wa Chuo Kikuu cha Deakin nchini Australia, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017. Watu 67 waliokuwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, ya kiwango cha kati hadi kikubwa waligawanywa katika makundi mawili kwa wiki 12. Kundi moja lilisaidiwa na mtaalamu wa lishe kubadili ulaji, likaongeza mboga, matunda, nafaka zisizokobolewa, jamii ya kunde na samaki, na likapunguza vitu vitamu, vyakula vya kukaangwa na vinywaji vyenye sukari. Kundi la pili lilipata mtu wa kuzungumza naye kwa kirafiki, bila mabadiliko ya chakula. Mwishoni, asilimia 32 ya waliobadili ulaji walikuwa wametoka katika sonona kwa vipimo vya kitabibu, wakati katika kundi la pili walikuwa asilimia 8. Jaribio hilo lilikuwa dogo, washiriki walijua wako katika kundi gani, na wengi wao waliendelea na dawa au tiba ya mazungumzo, hivyo halitupi ruhusa ya kumwambia mgonjwa wa sonona aache tiba akale mchicha. Mwenye huzuni isiyoondoka kwa wiki kadhaa, asiyelala au asiyeona thamani ya maisha, anahitaji kufika kituo cha afya, na chakula bora kitembee pamoja na tiba hiyo.

Kilichonivutia zaidi katika jaribio hilo ni upande wa fedha. Watafiti waliangalia gharama, wakakuta kwamba chakula ambacho washiriki walikuwa wakinunua mwanzoni kiligharimu kwa wastani dola 138 za Australia kwa mtu kwa wiki, wakati mlo waliopendekezewa ulikadiriwa kuwa dola 112. Australia si Tanzania na vikapu vyao si vikapu vyetu, lakini sababu ya tofauti hiyo inaeleweka hata hapa: fedha nyingi ilikuwa ikienda kwenye vitu vilivyokwisha kutayarishwa, na mtu anaponunua kitu cha namna hiyo hulipia pia kazi ya mtu mwingine, mafuta, kifungashio na faida.

Kuna njia mbili nyingine ambazo chakula hugusa hali ya moyo, na zote mbili zinaonekana katika nyumba zetu bila kuhitaji maabara. Ya kwanza ni kupanda na kushuka kwa sukari katika damu. Anayekunywa chai yenye vijiko vitatu vya sukari na maandazi mawili saa kumi na mbili asubuhi amekula karibu wanga na mafuta peke yake, na wengi hujikuta saa nne wana njaa, wamechoka, na hawavumilii maneno madogo ya ofisini au ya dukani. Ya pili, ambayo naiona kubwa zaidi kwa familia za hapa, ni upungufu wa damu. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba takribani asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu huo. Mtu mwenye damu pungufu huchoka haraka, hukosa umakini, moyo humwenda mbio akipanda ngazi, na hukasirika upesi. Ni mara ngapi mama wa nyumba ameitwa mkali au mvivu, kumbe mwili wake hauna madini ya chuma ya kutosha? Upungufu wa damu una sababu nyingine pia, zikiwemo malaria, minyoo na hedhi nzito, kwa hiyo kipimo cha damu hospitalini kinakuja kabla ya kubahatisha. Hata hivyo, chungu cha nyumbani kina sehemu kubwa katika jambo hili, na ndiyo maana nitakaa sana kwenye maharage na dagaa.

Njia ya kwanza: chipsi na vya kukaangwa

Sifa ya chipsi ni upesi, na sifa hiyo ni ya kweli. Aliyeshuka kwenye daladala Mbagala au Gongo la Mboto saa tatu usiku, baada ya foleni ya saa mbili, anashiba ndani ya dakika kumi bila kuwasha jiko, na mwenye watoto wanaolia njaa hatakiwi kuhukumiwa kwa hilo.

Kwa afya, hata hivyo, sahani hiyo ni wanga uliokaangwa, chumvi na mafuta, na kachumbari kidogo pembeni. Tatizo kubwa ni mafuta yanayotumiwa tena na tena mpaka yawe meusi, kwa kuwa mafuta yanayochemshwa mara nyingi huharibika na kutengeneza kemikali zisizofaa mwili. Chipsi mayai ni nafuu zaidi kwa lishe, kwa kuwa yai huleta protini, ingawa mafuta yanabaki yale yale. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kijiko kimoja cha chai kwa milo yote. Chumvi inayonyunyiziwa chipsi, pamoja na ya tomato na pilipili ya chupa, hula sehemu kubwa ya kiasi hicho katika mlo mmoja.

Kwa mfuko, chipsi huonekana rahisi kwa sababu hulipwa sahani moja moja. Kuna pia soda inayoandamana nayo. Tuseme mtu hutumia shilingi 1,000 kwa soda kila siku ya kazi. Katika mwezi wenye siku 26 za kazi ametumia shilingi 26,000 kwa kinywaji kisicho na protini, nyuzinyuzi wala madini ya maana. Chupa ya kawaida ya mililita 350 hubeba zaidi ya gramu 30 za sukari, wakati kiwango bora kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni takribani gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima. Katika bajeti yote ya chakula, sijaona sehemu iliyo rahisi kukata kuliko hii, kwa sababu maji hayahitaji mapishi wala muda.

Naweka chipsi katika nafasi ya mwisho kwa mlo wa kila siku. Zikiliwa mara moja baada ya wiki, pamoja na yai na kachumbari iliyooshwa vizuri, hazina haja ya kumnyima mtu usingizi.

Njia ya pili: sahani ya mama lishe

Njia hii hudharauliwa isivyostahili. Sahani ya kawaida ya mama lishe, yenye wali au ugali, maharage, mboga ya majani, samaki au nyama kidogo, na mara nyingine ndizi au kipande cha tikiti pembeni, inakaribia sana kile ambacho mwongozo wa kitaifa wa chakula na ulaji wa Tanzania Bara wa mwaka 2023 unakitaka. Mwongozo huo unataja makundi sita: nafaka, mizizi na ndizi za kupika; vyakula vya asili ya wanyama; jamii ya kunde, karanga na mbegu; mboga; matunda; na mafuta yanayofaa. Hesabu sahani hiyo na utaona kwamba makundi matano au sita yapo tayari, kwa bei ambayo mara nyingi haizidi sana ile ya chipsi na soda.

Kasoro yake iko kwenye vipimo. Wali hujaa sahani, maharage huwa upawa mmoja, na mboga huwa kiasi cha kupamba. Hili hurekebishwa kwa kusema, na akina mama wengi wanaouza chakula hawana shida na mteja anayesema kwa adabu. Mazungumzo huwa hivi, kwenye vibanda vya karibu na Feri au vya Kariakoo:

"Shikamoo mama. Leo naomba unipunguzie wali, uniongezee maharage na mboga."

"Marahaba mwanangu. Na nyama je?"

"Nyama niache, nitilie dagaa."

"Haya. Mboga sikuongezei bei, ya dagaa tutaelewana."

Mteja aliyezoea kuomba hivyo hupata sahani yenye protini na nyuzinyuzi za kutosha kumfikisha jioni bila kusinzia saa nane mchana. Anayekula hapo kila siku hujulikana, na sahani yake huandaliwa bila hata kuulizwa. Nalihesabu jambo hilo pia katika hali ya moyo, kwa sababu mfanyakazi anayekula kwenye benchi pamoja na wenzake, akasalimiwa na kuulizwa habari za nyumbani, amepata kitu ambacho anayekula peke yake mbele ya simu hajakipata.

Usafi ndio wa kuangaliwa, hasa wakati wa masika ambapo hofu ya kipindupindu hurudi. Chakula kinachotoka jikoni kikifuka moshi ni salama kuliko kachumbari iliyokatwa asubuhi au juisi ya miwa yenye barafu isiyojulikana ilikotoka. Angalia kama kuna maji yanayotiririka ya kunawa mikono, hata kama ni ya ndoo yenye koki, na sabuni pembeni. Kama hakuna, hama kibanda.

Njia ya tatu: chungu cha nyumbani

Kwa sahani moja, chakula cha nyumbani ndicho cha bei ya chini kuliko vyote, mradi wanaokula ni watatu au zaidi. Kwa mtu mmoja anayeishi kwenye chumba cha kupanga Manzese au Mwananyamala, faida hiyo hupungua sana: mkaa au gesi ya kupikia sufuria ndogo ni karibu sawa na ya kupikia sufuria kubwa, mboga hulala ikanyauka, na nyanya huoza. Mtu huyo mama lishe anaweza kumfaa zaidi mchana, akabaki na kazi ya kujipikia mlo mmoja tu jioni.

Kwa familia, kinachokula faida ni ununuzi wa kupima. Mafuta ya kupima, sukari ya robo na mkaa wa kopo kila mara huwa ghali, kwa uzito uleule, kuliko dumu, mfuko na gunia. Familia yenye kipato cha siku hulipa zaidi kwa kitu kilekile, na si kwa kukosa akili bali kwa kukosa fedha ya mkupuo. Suluhisho ninaloliamini ni majirani kushirikiana: kaya tatu au nne zikichanga, mmoja wao akaenda kununua gunia la maharage au la mahindi Tandale na wakagawana kwa mizani, kila mmoja hupata bei ya jumla bila kutoa fedha ya jumla. Vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo tayari vipo katika mitaa mingi, vinaweza kufanya hivi kila mwezi, na nashangaa kwamba vingi bado hununua vitenge na masufuria kwa pamoja lakini chakula kila mtu hununua peke yake.

Suala la nishati ndilo huwakatisha watu tamaa na maharage. Maharage ya kilo moja yakipikwa makavu juu ya gesi hula sehemu ya mtungi ambayo mtu huiona kwa macho, na ndipo anaporudi kwenye chipsi. Utaratibu unaookoa ni huu: chagua maharage jioni ukiondoa mawe na punje zilizoharibika, yaoshe, yaloweke kwenye maji mengi usiku kucha, na asubuhi mwaga maji hayo kabla ya kuyachemsha kwa maji mapya. Punje zilizovimba huiva mapema zaidi na gesi ya tumboni hupungua. Mwenye jiko la presha, liwe la gesi au la umeme, huyamaliza chini ya saa moja. Yachemshwe kweli kweli mpaka yalainike, kwa kuwa maharage mekundu yasiyoiva yana sumu inayoleta kutapika na kuhara. Mwenye jokofu achemshe kilo nzima mara moja, agawe kwenye vyombo vya mlo mmoja mmoja na kugandisha. Siku ya Jumatano akirudi amechoka, kazi iliyobaki ni kukaanga kitunguu na nyanya, kumimina maharage na kuongeza tui la nazi, ambayo ni kazi fupi kuliko kusubiri chipsi kwenye foleni. Asiye na jokofu apike ya siku moja, kwa kuwa joto la hapa halisamehe.

Joto hilohilo ndilo tatizo la kubeba chakula kazini. Wali uliopikwa saa kumi na moja alfajiri na kukaa kwenye mfuko wa mgongoni mpaka saa saba mchana umekaa saa nane katika uvuguvugu ambao vijidudu vinaupenda, na vingine huacha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Wanaobeba wafungashe chakula kikiwa cha moto sana ndani ya hotipoti, au wabebe visivyoharibika upesi: viazi vitamu vya kuchemsha, karanga, mayai ya kuchemsha yasiyomenywa, na matunda ya kumenya. Mtu asiyeweza hayo akale kwa mama lishe bila kujiona ameshindwa.

Ndani ya chungu: nyama, maharage au dagaa

Katika nyumba nyingi fedha ya mboga huishia kwenye nyama, na mlo usio na nyama huonekana kama wa shida. Tulinganishe. Gramu 100 za maharage makavu zina takribani gramu 21 za protini, na gramu 100 za nyama mbichi ya ng'ombe zina karibu kiasi hicho hicho. Kwa bei za kawaida za masoko ya Dar es Salaam, fedha ya kilo moja ya nyama hununua kilo mbili au zaidi za maharage, na kilo ya maharage ikiiva huongezeka uzito zaidi ya mara mbili kwa kunywa maji. Kwa protini na shibe, hesabu imeisha.

Kwa madini ya chuma, nyama ina ubora wake ambao sitauficha: chuma chake hufyonzwa na mwili kwa urahisi kuliko cha mimea. Lakini chuma cha maharage na mboga za majani hufyonzwa vizuri zaidi kikiliwa pamoja na vitamini C, kwa hiyo ndimu iliyokamuliwa juu ya maharage, kachumbari ya nyanya, au chungwa baada ya mlo si mapambo. Chai nayo hufanya kinyume, kwa kuwa tanini zake hukishika chuma kikapita bila kufyonzwa. Desturi ya kunywa chai ya rangi papo hapo baada ya ugali na maharage ni vyema isogezwe mbele kwa saa moja, hasa kwa mwanamke, mjamzito na msichana anayekua. Mjamzito asiache vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki kwa kudhani chakula kimetosha.

Dagaa ndio ninaowapa nafasi ya kwanza. Wa Mwanza au wa Kigoma waliokaushwa, au dagaa wa baharini, huliwa na mifupa yao, kwa hiyo pamoja na protini nyingi huleta kalisi, chuma, zinki na vitamini B12 ambayo haipatikani kwenye maharage wala mboga. Kipimo kidogo tu kinatosha sufuria ya watu watano. Tatizo lao ni mchanga na uchungu, na yote mawili huondoka kwa kazi: watolewe vichwa, waoshwe kwa maji ya moto mara mbili au tatu mpaka maji yawe meupe, wakaushwe kwenye kikaango bila mafuta, ndipo waungwe kwa kitunguu, nyanya nyingi na ndimu. Kwa wiki, mpango ninaoupendelea ni maharage, choroko au kunde siku nne, dagaa siku mbili, na nyama au samaki mkubwa siku moja ambayo familia yote iko nyumbani na inaweza kuifurahia mezani bila haraka.

Mboga za majani hazihitaji maneno mengi: matembele, mchicha, majani ya maboga, mnafu na kisamvu ni za bei ndogo, na lengo la Shirika la Afya Duniani la gramu 400 za mboga na matunda kwa siku linafikika kwa fungu kubwa na matunda ya msimu. Kisamvu kitwangwe na kuchemshwa vizuri ili sumu yake ya asili iondoke. Uliza pia mboga imelimwa wapi, kwa kuwa bustani za kando ya mito inayopokea majitaka ya jiji, kama Msimbazi, si mahali salama pa kulishia familia, na kuosha hakuondoi metali zilizokwisha kuingia kwenye jani.

Dona au sembe

Sembe ni mahindi yaliyoondolewa pumba na kiini, na pamoja navyo zimeondoka nyuzinyuzi nyingi, mafuta mazuri, vitamini za kundi B, chuma na zinki. Dona hubaki na vyote hivyo, hushibisha kwa muda mrefu na hupandisha sukari ya damu polepole zaidi. Kwa kilo, dona mara nyingi ni ya bei ya chini, na aliyenunua mahindi mwenyewe na kuyasaga kwenye mashine ya mtaa hupunguza tena.

Lakini dona ina masharti mawili. Kiini chenye mafuta huufanya unga uwe mchungu upesi, kwa hiyo saga wa wiki mbili au tatu, usisage wa miezi. Pili, mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu huota ukungu wenye sumukuvu, na kwa kuwa dona haikobolewi, sehemu kubwa ya sumu hiyo huingia kwenye unga. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na kupika hakuiondoi. Chagua punje kwa mkono kabla ya kusaga, tupa zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zenye ukungu, na usimpe kuku ulizozitupa. Anayeona hawezi kusimamia hayo ni heri anunue sembe ya kiwanda iliyoongezwa virutubishi, ambayo huandikwa hivyo kwenye mfuko, kuliko dona asiyoijua chanzo chake.

Nani achague nini

Anayeishi peke yake na kurudi usiku, namshauri asubuhi apate uji wa ulezi au viazi vitamu pamoja na yai, mchana ale kwa mama lishe mmoja anayemwamini, na jioni apike kitu kimoja chepesi. Aondoe soda kwanza, kabla ya kubadili kitu kingine chochote, na ile fedha aitenge pembeni aione.

Familia ya watu wanne au zaidi yenye jokofu inafaa iegemee chungu cha nyumbani, na ianze na maharage ya mwisho wa wiki kabla ya kufikiria mapishi mapya. Nyumba isiyo na jokofu itegemee zaidi dagaa wakavu, choroko na kunde, ambazo huiva upesi kuliko maharage, na mboga ya kununua siku ile ile.

Nyumba yenye mzee mwenye shinikizo la damu ipime chumvi kwa kijiko na kuacha viungo vya vipande vya kuongeza ladha, ambavyo vina chumvi nyingi kuliko vinavyoonekana. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili hoho hufanya kazi hiyo kwa usalama zaidi. Mwenye kisukari aupunguze ugali kabla ya kuubadili, kwa sababu dona nyingi mno nayo ni sukari nyingi.

Kwa watoto, fedha ya shule ndiyo ya kuangaliwa kwa makini kuliko chakula cha usiku. Mtoto anayepewa shilingi mia tano kila asubuhi huzimaliza kwa aiskrimu za mfuko, ubuyu wenye rangi na kachori, akarudi nyumbani mnyonge na asiyetaka kula. Fedha hiyo ya wiki nzima, ikikusanywa siku ya Jumapili, inanunua karanga za kutosha na ndizi, na wakati wa embe, kati ya Novemba na Januari, inabaki ya kununulia maembe pia. Mwachie mtoto siku moja ya kujinunulia anachotaka, ili asijione tofauti na wenzake.